Daftari Liko kwa Nani?

Duka la mangi pale Ukonga, Dar es Salaam, liwe la Mombasa, Mazizini au Majumba Sita, lina vitu viwili visivyouzwa: mizani na daftari. Mizani iko juu ya kaunta, kila mtu anaiona. Daftari liko chini, karibu na droo ya chenji, jalada limelegea kwa mafuta ya kupima, na ndani yake watu hawakuandikwa kwa majina yao ya shule. Wameandikwa Mama Salma, Baba Neema, Fundi Baiskeli, Dada wa Chumba cha Nyuma. Mbele ya kila jina kuna sukari robo, unga nusu, sabuni kipande, na kilichobaki baada ya kupunguza deni kidogo Jumamosi. Kaya nyingi za mtaa hazina mahali pengine popote palipoandikwa matumizi yao ya mwezi.

Wanaofundisha elimu ya fedha hulalamikia jambo hili kila mwaka. Nunua daftari, wanasema, andika mapato upande huu na matumizi upande ule. Ushauri si mbaya, ila umeanza kwa kudhani kwamba hesabu isiyoandikwa nyumbani haipo. Ipo. Katika upande huu wa Dar es Salaam imekuwepo tangu enzi za Mjerumani, na karibu kila zama aliyeishika ni mtu wa nje ya nyumba. Mara nyingine alijitwalia kwa nguvu. Mara nyingine alipewa kwa hiari, kwa sababu nzuri ambazo semina hazijawahi kuziuliza.

Ukonga yenyewe ilichelewa kuwa mji. Ilikuwa nchi ya Wazaramo kando ya njia ya Pugu: minazi, miembe, mihogo, na mkaa wa kupeleka mjini. Fedha taslimu ilihitajika kwa vitu vichache, na kilichouma kuliko vyote kilikuwa kodi. Kuanzia 1898 serikali ya Kijerumani ilidai kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba ya shamba, na mzee wa kaya ambaye hakuwahi kuwa na sababu ya kujumlisha mwaka mzima ikabidi ahesabu kwa kurudi nyuma: siku ya kodi ni lini, mzigo wa mkaa unauzwa kiasi gani, mizigo mingapi mpaka rupia zitimie. Risiti aliyopewa ndiyo ikawa karatasi iliyotunzwa kuliko zote, imekunjwa na kufichwa darini. Mwingereza aliirithi desturi hiyo bila aibu. Aliyekutwa mjini hana risiti ya kodi alilala ndani.

Na hesabu yenyewe haikutulia. Mtu aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 19 alianza kwa kujua kwamba rupia moja ni pesa 64. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadilisha, rupia ikawa heli 100. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja florini, haikukaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Mwanamke yule yule, akiuza mihogo ile ile, alijifunza upya kutoa chenji mara tatu ndani ya miaka 20 hivi. Sioni ajabu kwamba wengi waliendelea kuamini kibaba na pishi. Vipimo hivyo havikutangaziwa thamani mpya kutoka Berlin wala London.

Aliyekwenda kutafuta fedha ya kodi kwenye mashamba ya mkonge alikabidhiwa kipande. Ilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa, karani alitia alama, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote 30 zijae, hata kama kalenda ya ukutani imeshapita mwezi na nusu. Siku ya kuugua haikuwa na nafasi kwenye kadi. Mwezi wa mfanyakazi ulikuwa mfukoni mwake, lakini kalamu ilikuwa ya mwingine.

Mjini kalamu ilikuwa dukani. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi, na vitabu vyao viliandikwa kwa Kigujarati, mwandiko ambao mkopaji hakuweza kuusoma hata angekuwa amemaliza shule ya misheni. Serikali ya kikoloni, kwa madai ya kumlinda Mwafrika, ilitunga katika miaka ya 1920 sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ikaikaza mwaka 1931: deni la mwenyeji kwa asiye mwenyeji halikudaiwa mahakamani kama halikuandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Nani angempeleka bwana shauri kushuhudia mkopo wa pishi mbili za mchele? Kitabu cha duka kikapoteza meno, na mikopo ya watu wa kawaida ikahamia kwenye maduka ya rehani. Huko hakuna haja ya mahakama, kwa sababu kitu cha mdaiwa kiko rafuni tayari.

Hapo ndipo ilipozaliwa bajeti ya mwezi ya Dar es Salaam ya zamani, na ilikuwa bajeti kamili, isipokuwa iliandikwa kwa nguo. Katikati ya mwezi doti ya khanga, koti au saa iliingia rehani. Mwisho wa mwezi ilitoka. Mwanamke aliyekuwa na doti mpya za sikukuu alikuwa na akiba, na aliijua thamani yake kwa wiki, siyo kwa mwaka. Mwaka 1956 na 1957 ofisa wa serikali, J. A. K. Leslie, aliufanyia mji huu utafiti mkubwa, kitabu chake kikatoka 1963. Mji aliouelezea ni wa watu ambao mshahara wao hauufikii mwisho wa mwezi, na wanaoishi kwa kusukumana hadi tarehe ya malipo. Fedha iliyobaki nyumbani ilikaa kwenye pindo la khanga, fundo moja la kula na fundo jingine la dharura. Fundo halina risiti, wala mume haliulizi.

Uhuru ulileta washika vitabu wapya. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1964, mfanyakazi akaanza kukatwa fedha ambazo angeziona uzeeni tu. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki zikataifishwa. Juni 1966 ilikuwa imeshaingia shilingi yetu wenyewe, chini ya Benki Kuu mpya. Kwa kaya ya kawaida, hata hivyo, mshika kitabu aliyekuja kuwa na uzito kuliko wote hakuwa benki. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Mjumbe alikuwa na orodha ya kaya zake: nani anaishi wapi, wako wangapi. Orodha hiyo ilikuwa ya chama na ya ulinzi, mpaka bidhaa zilipoadimika. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, sukari, sembe, mchele, sabuni na mafuta ya kula vikaanza kugawiwa, na orodha ya mjumbe ikageuka kuwa kitabu cha chakula. Kaya yenye watu saba ina haki ya kilo kadhaa. Mgeni aliyekuja kutoka Kigoma hayumo, kwa hiyo halishwi. Watu waliokumbana na foleni za duka la kaya wanakumbuka mawe: unaamka alfajiri, unaweka jiwe lako mstarini, unarudi kulala au kukoroga unga wa vitumbua, na jiwe linakushikia nafasi. Siku nyingine duka lilipofunguliwa kilichokuwepo ni unga wa yanga tu, ule wa njano wa msaada. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na ghafla kuwa na katoni ya sabuni chini ya kitanda, jambo ambalo mama yeyote mwenye akili angelifanya, likawa jambo la kuelezea polisi. Nadhani hiyo ndiyo zama pekee ambayo kutunza vizuri bajeti ya nyumba kungeweza kukupeleka mahakamani.

Wakati huo huo mshahara uliyeyuka. Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980 thamani halisi ya mishahara ilianguka kwa zaidi ya robo tatu, na mwaka 1986, sambamba na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola moja ilitoka kwenye shilingi kama 17 ikafika 40. Askari magereza wa Ukonga, fundi wa uwanja wa ndege, mfumaji wa viwanda vya nguo vya upande wa Gongo la Mboto, wote walikuwa na karatasi ya mshahara iliyoandika kiasi ambacho hakuna aliyeweza kukila mwezi mzima. Aili Mari Tripp, msomi aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988, alionyesha kwamba kaya za mjini ziliishi kwa miradi: maandazi, barafu, ushonaji, kuku, ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba ya serikali. Mshahara ulibaki kama kitambulisho. Na sehemu kubwa ya miradi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake, ambao fedha yao haikuwa na karatasi yoyote.

Fedha isiyo na karatasi ilihitaji mshika kitabu, na ndipo kijumbe, mkusanyaji wa fedha za upatu, akapata ukubwa wake.

Upatu ni wa zamani kuliko hali ngumu, lakini hali ngumu ndiyo iliyoufanya uti wa mgongo. Chukua mchezo, kama upatu unavyoitwa, wa kila siku wa watu 20, kila mmoja elfu moja. Kijumbe anazunguka jioni, meza ya samaki, genge la nyanya, saluni, mlango wa mama ntilie, anakusanya, na elfu 20 anampa aliyefikiwa na zamu. Baada ya siku 20 kila mtu ametoa 20 na kupokea 20. Mchumi wa darasani atasema hakuna aliyepata kitu. Muuza samaki atamwambia kwamba alipata elfu 20 kwa mkupuo, ndoo mbili za samaki badala ya moja, au ada ya mtoto kabla hajarudishwa nyumbani. Kijumbe naye hufanya kazi kwa malipo: mara nyingi mkupuo wa kwanza ni wake, au kila anayepokea humwachia kidogo. Daftari lake lina safu za majina na vyema, na likipotea mtaa mzima hautalala.

Kazi yake ngumu si hesabu, ni mpango wa zamu. Mpya hapewi zamu ya mwanzo, kwa sababu akishapokea anaweza kuhama Ukonga usiku na kuonekana Mbagala. Mwenye mgonjwa husogezwa mbele, wenzake wakiridhia. Anayejulikana kwa uzembe huwekwa mwishoni, apokee akiwa ameshalipa zote. Benki huita kazi hii tathmini ya mkopaji na kuilipia mshahara mzuri. Kijumbe anaifanya akiwa amesimama, kwa kumbukumbu ya nani alimfanyia nani nini tangu msiba wa mwaka juzi. Na kweli, wapo vijumbe waliokimbia na fedha za watu. Kila mtaa una hadithi yake.

Lakini faida kubwa ya mchezo, kwa maoni yangu, ni ruhusa ya kusema hapana. Shilingi iliyoko nyumbani haina ulinzi. Wifi akija na nauli ya msibani, shemeji akija na kesi ya polisi, mume akiwa hakuacha kodi ya meza, fundo la khanga linafunguka, na mwenye fundo hawezi kukataa bila kuonekana mchoyo. Akisema "hiyo hela ya mchezo", mazungumzo yameisha. Hela si yake, ni ya wenzake. Daftari la nyumbani, lile la semina, lingempa wifi ushahidi kamili wa kiasi kilichobaki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Ukonga ililazwa kwa jirani kwa makusudi.

Miaka ya 1990 viwanda vya umma vilifungwa au kuuzwa, watu wakapunguzwa kazi, na barabara ya Pugu ikajaa waliopewa mkono wa kwaheri wakatafuta viwanja kuanzia Kipunguni hadi Gongo la Mboto. Nyumba za kupanga ziliongezeka, na pamoja nazo kodi ya miezi sita kwa mpigo, ambayo hakuna mshahara wa mwezi unaoweza kuilipa bila mchezo au mkopo. Ikaja LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kwa mara ya kwanza hesabu moja ya kaya ikawa ukutani ndani ya nyumba, inapungua machoni pa wote. Katika nyumba ya vyumba sita mita ni moja. Mwenye friji analipa zaidi ya mwenye taa peke yake, mwenye pasi anatazamwa vibaya Jumapili usiku, na orodha ya michango hubandikwa koridoni, moja ya nyaraka chache za fedha ambazo wapangaji wote huzisoma kwa sauti.

Mwanzoni mwa karne hii sanduku la VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, likafika. Asili yake ni vikundi vya wanawake vya Niger ambavyo shirika la CARE lilivianzisha mwaka 1991. Tanzania likaingia kupitia Zanzibar na kusambaa bara. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu ambao si viongozi. Kila mwanachama ana kitabu kidogo kinachopigwa mhuri kwa kila hisa, halafu vitabu vyote vinafungiwa sandukuni na fedha. Angalia tena: hata kitabu chenye jina lako hakiendi nyumbani. Waliobuni utaratibu huo walikuwa wakizuia udanganyifu. Wanawake waliupokea haraka kwa sababu walikuwa wameshauishi na kijumbe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipokuja kuvitambua vikundi hivi na kutaka visajiliwe, iliviweka daraja la nne, mwisho kabisa, chini ya wakopeshaji binafsi.

Si kila mshika daftari alistahili. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha DECI, mpango ambao watu "walipanda mbegu" na kuahidiwa kuvuna mara mbili au zaidi. Umati wa watu wa Dar es Salaam ulibaki na karatasi mikononi. Tofauti yake na mchezo wa kijumbe ilikuwa rahisi kuiona baadaye: wengi hawakuijua nyumba ya mwenye kitabu.

Kuna mara ambazo kaya za Tanzania zimeandika kila kitu zenyewe, kila sabuni, kila nauli, kila fungu la mchicha. Ni pale serikali ilipoomba. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya ulifanyika 1969, 1976/77, 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Ule wa 2000/01 ulifika kaya 22,178. Mdadisi anaacha shajara, na katika utafiti wa 2011/12 kaya ilijaza kwa siku 28, pamoja na chakula kilicholiwa bila kununuliwa, mchicha wa bustanini, mayai ya kuku wa uani. Pasipo na anayejua kusoma, mdadisi hurudi mara kwa mara aandike mwenyewe. Kutokana na shajara hizo ukakokotolewa mstari wa umaskini: shilingi 36,482 kwa mtu mzima kwa siku 28, kama 1,300 kwa siku. Nimewahi kuzungumza na waliojaza shajara ya namna hiyo, na kinachojirudia si malalamiko ya usumbufu. Ni mshangao. Hawakujua kwamba vocha na nauli vinakula kuliko nyama. Halafu siku ya mwisho mdadisi alikuja akachukua shajara, akaenda nayo. Hata hesabu hiyo kamili haikubaki nyumbani.

Aprili 2008 Vodacom ilileta M-Pesa nchini, na baada ya miaka michache daftari likaingia mfukoni mwa kila mtu bila mtu kuliandika. Kila muamala una ujumbe wake: kiasi, jina, saa, salio. Kitu ambacho semina zilikiomba kwa miaka 30 kikaja chenyewe, usiku na mchana. Watu hawakukitumia kama bajeti. Walikitumia kama ushahidi. Ujumbe wa muamala ndio risiti ya kodi ya nyumba, ndio jibu kwa mama mkwe anayedai hakutumiwa, na picha ya muamala ndiyo vyema ya kijumbe wa leo, ambaye kundi lake liko WhatsApp. Mwaka 2019 Vodacom na Benki ya Posta walileta M-Koba, mchezo na kikoba ndani ya simu. Tozo za miamala zilipoanza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, Ukonga ilionyesha kwamba hesabu inaijua vizuri sana. Waliokuwa wakituma jioni walirudi kubeba noti mkononi, na mtoto akapewa elfu tano ampelekee bibi Kitunda. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye tena.

Simu ikaleta pia mkopeshaji asiye na sura. Mtaani wakopeshaji wa riba kali huitwa kausha damu, na wengi wao wana ofisi, wana sura, wanakuja mlangoni kuchukua televisheni. Programu za mikopo za simu hazina mlango. Wakati wa kujiunga huomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako, mkopaji mwenye haraka ya elfu 30 anabonyeza ndiyo, na siku akichelewa kulipa ujumbe unakwenda kwa namba zote: fulani anadaiwa, mwambieni alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Deni la elfu 30 ambalo kijumbe angelimaliza kwa kusogeza zamu, sasa limesomwa na bosi, na mchungaji, na mkwe wa Tabora ambaye posa bado hajaijibu.